Mbu Waliofyonza Damu ya Mama

Naandika haya nikiwa mzima, nimekaa kwenye baraza ya nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa Isingiro, yenye bati la msauzi ambalo mtu anayepita barabarani analiona kabla hajaiona nyumba. Nawaandikia wenzangu mliokwenda kutafuta maisha mbali, mkafanikiwa, na sasa mnajiandaa kurudi Kyerwa au Karagwe mkidhani kwamba kwa kuwa mlizaliwa huku, mbu wa huku wanawajua. Hawawajui. Mimi nilirudi na diploma ya ufundi mitambo, mke, mashine ya kukoboa kahawa kubwa kuliko zote katika kata yetu, na mwili ambao haujawahi kulazwa. Mwaka haukuisha nikabebwa kwenye blanketi kama mkungu wa ndizi unaopelekwa mnadani.

Nilipona. Ila mama yangu mzazi hakai tena kwangu, na hilo limeniuma kuliko sindano zote. Nitayaeleza yote mawili pamoja, maana yalikuja pamoja.

Nilikuwa Mufindi kwa miaka mingi. Nilianza kiwandani nikibeba magunia ya majani ya chai mabichi, nikajilipia chuo, nikaondoka nikiwa fundi mkuu wa zamu. Mashine ikigoma, watu wenye digrii walisimama pembeni wakinisubiri niwaambie ina nini. Mufindi ni baridi, mtu analala na mablanketi matatu, na mbu huwasikii. Huko ndiko nilikomwoa Tumaini, binti wa huko huko, asiyejua homa.

Tuliporudi, mama alikuwa mjane anayeishi peke yake kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, katika kijumba kilichojaa moshi. Nilikibomoa. Nikampa chumba ndani ya nyumba yangu, ukuta mmoja na chumba chetu, dirisha la vioo, kitanda cha mbao ngumu. Watu walisema mtoto wa Adventina amemtoa mama yake jivuni. Nilipenda kusikia hivyo. Mwanaume aliyejitengeneza mwenyewe ana haki ya kusikia hivyo.

Ugonjwa ulinikuta msimu wa senene. Kwa asiyejua, senene ni panzi wa kijani wanaokuja na mvua, na sisi tunawala. Nilitaka Tumaini aone. Nilisimamisha mabati mapya uwanjani, nikafunga taa kubwa ya jenereta, na kila jioni nikakaa pale kifua wazi nikingoja wadondoke. Chandarua nilikuwa nacho, kipya, kwenye kabati. Mama alipita na sufuria lake, akaniambia, "Vaa shati, unaumwa na mbu."

"Mama, mimi ni wa hapa," nilimjibu. "Hawa mbu nimekua nao."

Senene walipoanza kupungua ndipo nilipoanza kutetemeka. Kwanza viungo, halafu kichwa, halafu baridi ya Mufindi ikaingia mifupani mchana wa jua kali. Mama alinichemshia omubirizi, yale majani machungu ambayo kila nyumba ya huku ina kichaka chake. Nilimeza panadol, nikaenda kwenye mashine, nikaanguka juu ya gunia la kahawa ya mteja. Mkojo wangu siku ile ulikuwa na rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili. Nimekaa na chai miaka yote ile na sijawahi kuiogopa rangi hiyo hivyo.

Kituo cha afya kina benchi refu chini ya ukuta. Mgonjwa mahututi hupitishwa mbele, lakini siku ile wote tulionekana mahututi. Tumaini alinishikilia kichwa. Jirani yangu wa benchi, mzee mwenye koti la mvua, alinitazama macho yangu ya njano akamuuliza Tumaini, "Huyu ametoka wapi?"

"Mufindi."

"Ndiyo wapi?"

"Iringa huko. Kwenye baridi."

"Ahaa," mzee akasema, akageukia wenzake. "Mzungu wetu huyu. Malaria inapenda nyama laini."

Benchi zima likacheka, hata mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye degedege mapajani. Nilitaka kumwambia mzee nina diploma, ulimi haukunyanyuka.

Nililazwa hospitali ya Nyakahanga. Hapo sikumbuki sana. Nakumbuka sindano za mshipani, dripu, damu ya mtu nisiyemjua ikiingia mkononi mwangu polepole. Nakumbuka masikio yakilia kama feni isiyotiwa grisi, mlio ambao mpaka leo haujaisha kwenye sikio la kushoto. Nakumbuka kaka yangu Evodius akiniinamia kwa upole mkubwa.

"Projestus, mdogo wangu, unanisikia?"

Nilifumba na kufumbua macho.

"Funguo za mashine umeweka wapi? Ikitokea lolote, kahawa ya watu isiharibike."

Nawaambia kweli, hiyo ndiyo iliyonirudisha duniani. Nilisema moyoni, sifi. Nikifa, huyu atawasha mashine bila kupima mafuta.

Na nakumbuka mama. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Wauguzi walimruhusu, Mungu awabariki. Alinipaka mafuta miguuni kila ngozi ilipopasuka. Alinitafunia ndizi akataka kunilisha kama kinda la ndege, nikakataa, akaila mwenyewe akilia. Sikujua kwamba zingekuwa siku za mwisho za yeye kunikaribia bila woga.

Niliporudishwa nyumbani mkanda wangu ulizunguka kiuno ukabaki mkia wa kuchezea. Nywele zilitoka kwa mafungu kila nilipochana. Mkono haukuweza kushika spana. Tumaini, ambaye mimba yake ilikuwa bado changa, alinibeba hadi chooni, mimi niliyekuwa nikiinua shafti ya mashine peke yangu.

Hapo ndipo walipokuja watafiti. Walikuwa na chumba kwenye kituo cha afya, wakichunguza vimelea vya malaria na namna vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Walikuwa wakiwafuata waliougua vibaya mpaka majumbani, wanapima kila anayelala ndani. Aliyewaongoza alikuwa daktari kijana, Salome, mwanamke wa maneno machache. Mama yangu Kiswahili anakisikia kwa shida, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alisema nilivyotafsiri ndivyo mtu aliyesoma anavyotakiwa kutafsiri.

Alitutoboa vidole wote. Tumaini hakuwa na kitu. Mimi nilikuwa nimesafishika. Mama, aliyekuwa akilima tangu alfajiri na hajaumwa hata kichwa, alikuwa na vimelea.

"Muulize kama anasikia homa," daktari akasema.

Nikamuuliza. Mama akacheka. "Mwambie nasikia njaa."

Daktari akaeleza, nami nikaelewa mara moja. Aliyeishi na malaria tangu utoto mwili wake huizoea. Vimelea hukaa kwenye damu vichache, kimya, yeye anatembea. Mbu akimfyonza anavibeba, vinakomaa tumboni mwa mbu, halafu mbu huyo anampelekea mwingine. Mimi, kwa miaka yangu ya baridi, mwili wangu ulikuwa umesahau. Nilirudi mgeni.

Kisha wakaomba kitu kingine. Walitaka damu ya mama kidogo wawape mbu waliowafuga wenyewe, kwenye vikombe vilivyofunikwa wavu, waifyonze kupitia ngozi nyembamba iliyopashwa joto. Baadaye wangewapasua mbu hao waone kama vimelea vimeshika.

Mama alinitazama. "Mwulize tena. Sisi tunawaua, wao wanawafuga?"

"Wanawafuga, mama."

"Na wanawalisha mimi?"

"Damu yako kidogo."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Basi na wale, waitu. Wameshakula bure miaka yote." Akaweka dole gumba kwenye karatasi, akatoa damu, na siku ileile akapewa dawa ya mseto. Aliimeza yote, kila asubuhi na jioni, mimi nikimsimamia.

Majibu ya mbu yalipotoka daktari alikuja kutuambia sisi wawili. Mbu walikuwa wameambukizwa. Nilimtafsiria mama kila neno. Hakucheka safari hii. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo aliyemlaza mwanangu ni mimi?"

"Ni mbu, mama," daktari akasema kwa Kiswahili, bila kungoja tafsiri. "Na anaweza kuwa mbu wa nyumba yoyote. Hatuwezi kujua."

Huku kwetu mtu akiponea chupuchupu, watu humjia. Wanaleta ndizi, maharage, pombe ya rubisi, wanakaa mpaka wasikie habari yote. Mgonjwa asiyesimulia anaonekana anaficha. Siku waliyokuja kwangu sebule ilijaa, na mbele kabisa alikaa shangazi Leontina, dada wa marehemu baba, ambaye neno lake katika ukoo halirudishwi.

"Haya, tueleze," akasema. "Wamegundua nini hao wa darubini?"

Nikaeleza. Nilikuwa nimekonda lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi, na hapakuwa na mwingine pale ambaye angeweza kueleza. Niliwaeleza vimelea, mbu, vikombe, damu. Niliwaambia mtu anaweza kuwa navyo na hajijui, akatembea mzima, na anayelala karibu naye akaugua.

"Kama nani?" shangazi akauliza.

"Kama mama. Alikuwa navyo na haumwi."

Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe.

"Yeye haumwi," shangazi akarudia taratibu, "ukaugua wewe."

"Kwa sababu mwili wangu..."

"Na hao mbu walioinywa damu yake, wako wapi?"

"Walipasuliwa, shangazi. Ni lazima wapasuliwe ndipo..."

"Walikufa."

"Ndiyo, lakini..."

"Sijauliza lakini." Mama alipomfikia, akachukua kikombe chake cha chai, akakitazama ndani, akakirudisha kwenye sinia kikiwa kimejaa.

Nilichosema kilikuwa kweli tupu. Mtu akiniuliza leo nitasema hayo hayo. Lakini kwako unayesoma, chukua hili: majibu ya damu ya mtu mwingine yasemewe chumbani, mlango umefungwa, hata kama wewe ndiye peke yako unayeyaelewa.

Kabla sijaweza kutembea mpaka kwenye mashine, habari ilishafika. Evodius alikuwa anaiendesha, na siku niliyopelekwa huko, nikiwa nimekaa kwenye kiti nyuma ya magunia, niliwasikia wateja.

"Yule bibi ana damu inayoua mbu."

"Kweli?"

"Wataalamu wamejaribu. Walimnyonya, wakafa wote."

"Si tumkodishe basi! Alale kwangu wiki moja, sinunui chandarua."

"Akilala kwako, wewe ndiye utakayenunuliwa sanda. Mwanawe mwenyewe aliponea."

Wakacheka. Evodius naye alicheka. Nilisimama nikishika gunia, nikawaambia hakuna mjinga atakayekoboa kahawa kwenye mashine yangu mpaka niwafundishe. Nikawafundisha mzunguko mzima, kutoka mbu mpaka ini mpaka damu. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo, fundi, ukitaka kumpa mtu, lazima mbu awepo?"

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalikuwa kimya. Tumaini hakumtukana mama hata siku moja. Alianza tu kusogeza kiti chake. Mama akikaa jikoni, Tumaini anakumbuka nguo za kuanua. Jua likianza kushuka, anafunga mlango wa chumba chetu na kuziba upenyo wa chini kwa kanga. Mama alikuwa akiona ile kanga.

"Mama amekwishameza dawa," nilimwambia Tumaini.

"Najua."

"Sasa unaogopa nini?"

"Nina mtu tumboni, Projestus. Wewe ulikuwa na nguvu za ng'ombe na nimekubeba chooni. Huyu nitambeba wapi?"

Kwenye diploma hatukusoma hilo.

Watafiti walimpima mama tena. Hakuwa na kitu, safi kabisa. Nikaona sasa nimewashika wanaomsema. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado uwanjani wakisalimiana, nilisimama juu ya ngazi ya kanisa nikiegemea fimbo na kutangaza. Mama alisimama kando yangu kwa kitenge chake kizuri. Nilisema amepimwa, nilisema vimelea vimekwisha, nilisema sayansi imemsafisha mbele ya watu wote.

Watu waliitikia vizuri. Wengine walimpa mkono. Ndipo shangazi Leontina aliyekuwa akifunga mwavuli wake akauliza, si kwa sauti kubwa, "Vilikuwepo, sasa havipo?"

"Havipo."

"Amempa nani?"

Nilimwambia vimekufa kwa dawa. Akasema, "Tutaona." Watu wakaanza kukumbuka kwamba wameacha vyungu motoni.

Hawakungoja sana. Mvua za masika zilianza, na mtoto wa jirani yetu Respicius, binti mdogo aliyekuwa akija kwetu kuomba chumvi, alishikwa na homa. Walimkalisha nyumbani na majani ya omubirizi. Walipoamua kumpeleka kituoni barabara ilikuwa tope na bodaboda ikazama. Alifia njiani, mgongoni kwa mama yake.

Desturi yetu ni kwamba nyumba yenye msiba haipiki. Majirani wanapika. Mama alimenya ndizi tangu asubuhi, akapika na maharage, akapanga kwenye kikapu na majani ya mgomba yaliyopashwa moto, akajitwika. Nilimwambia asiende. Akasema, "Yule mtoto nilimkata kitovu mimi. Nisiende?"

Alikwenda. Nilimfuata nyuma na fimbo yangu. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walisogea kumpa nafasi, nafasi kubwa mno, akabaki katikati peke yake. Chakula chote kilifunguliwa, vikapu vyote vikaliwa. Chake hakikuguswa. Mpaka tunaondoka yale majani yalikuwa yamefungwa kama alivyoyafunga. Mama wa marehemu, aliyekuwa hajasema neno tangu jana yake, alinyanyua kichwa akamwambia, "Mama Projestus, nenda nacho. Na usiku ufunge madirisha yako."

Mama alijitwika kikapu kikiwa kizito vilevile. Kesho yake aliita bodaboda, akafunga kitenge kwenye kifurushi, akaenda Nyakakika kwa dada yangu Jovitha. Mimi nilisimama mlangoni nikimwamuru ashuke. Dereva wa bodaboda alinitazama, akamtazama yeye, akaondoa pikipiki.

Masika yakaisha. Mwili wangu ulirudi, nywele zikaota ngumu kuliko mwanzo, mkono ukashika spana. Kahawa ikaiva, mashine ikanguruma kutwa, na nasema bila kujisifu kwamba hakuna msimu nilioumudu kama ule. Tumaini alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye afya. Bibi ndiye anayetakiwa kumpokea mjukuu na kumpa jina la ukoo. Mtoto akakaa bila jina la ukoo.

Nilikwenda Nyakakika mwenyewe, kwa pikipiki yangu mpya. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba ya Jovitha akimenya ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda kilichokuwa mbali kidogo. Nilikisogeza karibu. Akakitazama nilivyokisogeza.

Nilimpa simu aione picha. Alifuta utomvu vidoleni kwanza, kidole kimoja kimoja.

"Ana paji la baba yako," akasema.

"Njoo umbebe, mama. Watu wamesahau."

"Leontina amesahau?"

Nilirudisha simu mfukoni.

Jovitha akatokea, akanivuta pembeni. Akaniambia mama amekataa chumba cha ndani walichompa. Analala ghalani, kwenye magunia ya kahawa, mbali na watoto. Anaingia chini ya chandarua tangu jua halijazama na hatoki mpaka liwe juu. Watoto wakimkimbilia jioni anawafukuza kwa kijiti.

Nilirudi kwa mama, nikachuchumaa mbele yake. Nilimweleza upya, polepole, kwa Kinyambo chetu, kila hatua, jinsi dawa ilivyoviua, jinsi kipimo kilivyosoma.

"Huna kitu, mama. Ulipimwa. Huna."

"Hata siku waliponikuta navyo nilijua sina," akasema. "Ulisema mwenyewe pale sebuleni. Mwenye navyo hajijui."

"Nitalala hapa leo. Kesho tunaondoka wote."

Alisimama. Alikwenda kwenye pikipiki, akachukua kofia yangu ngumu, akaja akaniwekea mikononi.

"Jua linashuka," akasema. "Nenda."

"Mama."

"Nenda, mwanangu, kabla hawajatoka. Mbu wa hapa wananifyonza mimi."

Akanigeuza kwa mabega, mimi mtu mzima mwenye mke na mtoto, akanisukuma mpaka njiani, akarudi haraka bila kuniaga. Nilipofika barabara kuu jua lilikuwa bado juu ya migomba, na hapakuwa na mbu hata mmoja.